Kadi ya Bima Itakufikisha Hospitali Ipi?

Mtu anayetaka kujiunga na bima ya afya, au kuhama kutoka bima moja kwenda nyingine, huuliza bei kwanza. Mimi naona swali linalopaswa kutangulia ni hili: nikipata ugonjwa ninaouogopa kuliko yote, kadi hii itanifikisha hospitali ipi? Tangu Bunge la Tanzania lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, swali hili linawahusu hata watu ambao hawajawahi kusaini mkataba wa aina hiyo.

Kwetu Mwanza tofauti ya majibu ni kubwa. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo kaya nyingi za wavuvi na wakulima zimeijua kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa watu wasiozidi sita, ilipangwa ihudumie kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa mpangilio huo, mgonjwa wa Ukerewe au Sengerema anayefuata rufaa hatua kwa hatua anaweza kufika Sekou Toure, hospitali ya rufaa ya mkoa, na kadi yake, lakini akiandikiwa kwenda Bugando, ambayo ni hospitali ya kanda, gharama huwaangukia ndugu. Sisemi hivyo kwa kuidharau CHF, kwani kwa malaria, kichocho na homa za watoto ni msaada mkubwa kwa fedha kidogo. Ila kaya yenye mgonjwa wa saratani inahitaji kuujua mpaka huo kabla ya kulipa, si siku ya kupewa barua ya rufaa.

Sehemu ya mkataba inayostahili kusomwa polepole kuliko nyingine zote ni ile ya kipindi cha kusubiri. Sababu ya kuwepo kwake inaeleweka: kama kila mtu angejiunga siku anapougua, michango isingetosha kumtibu yeyote. Kwa hiyo kampuni nyingi huchelewesha malipo ya uzazi, ya upasuaji usio wa dharura, na ya magonjwa ambayo mwanachama alikuwa nayo kabla ya kujiunga, na kwa uzazi kipindi hicho kinaweza kufika miezi tisa au zaidi. Hapo ndipo anayehama huumia, kwa sababu muda aliokwisha kuusubiri kwenye bima ya zamani unaweza kufutwa na hesabu ikaanza upya. Dada mmoja anayefanya biashara ya dagaa Mwaloni Kirumba, mwenye kisukari na shinikizo la damu, aliniuliza kama ahamie bima iliyo nafuu zaidi. Nilimwambia aombe kwanza jibu la maandishi kama magonjwa yake yatalipiwa tangu siku ya kwanza, na asiiache kadi ya zamani mpaka alipate. Nilimsihi pia asifiche ugonjwa wowote kwenye fomu, maana taarifa iliyofichwa ni sababu halali ya kampuni kukataa kulipa.

Ukomo wa malipo, yaani kiasi cha juu ambacho bima italipa, nao usomwe, hasa pale ambapo kiasi cha kulazwa ni kikubwa huku cha matibabu ya nje, meno na miwani kikiwa kidogo.

Orodha ya hospitali iliyochapishwa kwenye kipeperushi isiaminiwe peke yake. Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia kitita kipya, yaani orodha mpya ya huduma na bei inazozilipia, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwapokea wanachama wake, na watu waliokuwa na kadi hai mkononi wakalazimika kutafuta pengine. Ni vyema kwenda dirisha la bima la hospitali unayoitegemea na kuuliza kama kadi hiyo inapokelewa sasa, na kama vipimo vikubwa vinahitaji idhini ya bima kabla ya kufanyika.

Kwa bima za kampuni binafsi, wakala aonyeshe leseni yake kutoka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na ahadi zake zote ziwe kwenye karatasi yenye mhuri wa kampuni. Malalamiko yasiyomalizwa na kampuni yanaweza kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambako mkataba, risiti na barua ya kukataliwa vitakuwa na nguvu kuliko maneno ya wakala.