Kujifunza uyoga wa porini: wiki ya 5, unga umetoka

Leo naandika kwa furaha maana ile kazi ya karatasi imekubali, yaani kulaza kofia ya uyoga kwenye karatasi mpaka iache unga wake, ili rangi ya unga inisaidie kuujua. Kwa anayesoma mara ya kwanza, niko Songea, tangu mvua zimeanza kila Jumamosi naingia porini na bibi kutafuta uyoga, na lengo langu mpaka mvua ziishe ni kuzijua aina 2 tu kwa uhakika, ule wa kichuguu na ule wa njano unaoota chini ya miombo. Mbili tu, sina haraka.

Wiki za mwanzo nilikuwa naukata juu juu na kisu, bibi akanizuia, "Mjukuu wangu, ukikata utaujuaje? Chimbua." Basi nikachimbua pembeni ya kichuguu, shina linashuka tu, mkono umezama mpaka kiwiko bado sijafika mwisho, kumbe ni mzizi mrefu unaoenda mpaka kwa mchwa wenyewe. Afu juu katikati ya kofia kuna kile kincha kigumu cha kutobolea udongo. Uyoga wa kundi la Amanita, wale wa sumu kali, chini wana kifuko kama ganda la yai lililopasuka, sasa ukikata juu kifuko kinabaki ardhini na wewe hujaona kitu!

Ya juzi ndo imenishtua. Niliokota mmoja kwenye majani ya uwanja, mweupe, una magamba ya kahawia na pete shingoni, mzuri kweli. Nikalaza kofia yake kwenye karatasi nyeupe, ya kichuguu pembeni, nikafunika na mabakuli usiku kucha. Asubuhi wa kichuguu umeacha unga wa pinki iliyofifia, wa uwanjani umeacha KIJANI. Ni Chlorophyllum molybdites, huo ungetutapisha na kutuharisha nyumba nzima. Nimeuchimbia.

Na jamani haya mambo ya kuchemsha na kitunguu, eti kisipobadilika rangi ni salama, au umeliwa na wadudu basi kula, tuache. Sumu ya hao Amanita haiondoki kwa kupika, na mtu anaanza kuumwa masaa 6 mpaka 12 au zaidi baada ya kula, afu anapata nafuu kama siku hivi huku ini linaharibika. Ukihisi umekula wa sumu kimbia hospitali na mabaki yake, usisubiri.

Wa njano bado sijauweza, najua tu chini ya kofia hauna vile vijikurasa vyembamba vya uyoga mwingine, una mikunjo butu inayoshuka mpaka kwenye shina. Jumamosi bibi kasema tuanzie huko.