Nilivyoifufua Ubuntu yangu baada ya kuifuta python3

Nina laptopu ya zamani, RAM 4GB, Ubuntu 22.04 ndani (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows), na ndo inayonilisha maana kazi za wateja zote zimo humo. Sasa kuna siku nilikuwa najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, somo linataka toleo jipya kuliko 3.10 inayokuja na Ubuntu hiyo, nikasema ngoja niitoe ya zamani kwanza ndo niweke mpya, kama tulivyozoea kwenye Windows. Nikaandika amri hii ya apt, chombo cha Ubuntu cha kuweka na kufuta programu:

sudo apt remove python3

Ikashuka orodha ndefuuu ya majina, mwisho ikauliza kama naendelea, nikabonyeza Y bila kusoma hata mstari mmoja. Nilipoona gnome-terminal (dirisha la kuandikia amri) na ubuntu-desktop (madirisha na picha zote za mfumo) nazo zinapita zinafutwa moyo ukanipasuka paa, lakini ndo ishatoka hiyo. Kuzima na kuwasha, hakuna picha wala dirisha, ni skrini nyeusi tu inataka jina na paswedi.

Kumbe vitu vingi vya Ubuntu vinaitegemea python3 ya mfumo, na apt ikiondoa pakeji (fungu la programu) inaondoka na kila kinachoitegemea. Bahati nzuri apt yenyewe imeandikwa kwa C++ kwa hiyo ilibaki nzima, na mafaili yangu kwenye home, folda yangu binafsi, hayakuguswa, hilo nilihakikisha kwa ls, amri ya kuorodhesha mafaili, kabla ya kitu kingine chochote maana roho ilikuwa juu.

Kazi ikawa intaneti. Waifai haikunipa ushirikiano, nikachomeka simu kwa waya wa USB, nikawasha tethering (kugawa intaneti ya simu), nikapiga ip a kuona simu imepewa jina gani, kwangu lilianza na enx, halafu sudo dhclient na lile jina ili laptopu ipate anwani ya mtandao. Ping, amri ya kupima mtandao, ikajibu, aisee nilipumua. Kisha:

less /var/log/apt/history.log

Humu apt inaandika kila ilichoweka na ilichofuta pamoja na saa yake, ukishuka chini kabisa unakuta neno Remove na majina yote yaliyoondoka. Hapo ndo niliisoma ile orodha niliyoiruka. Nikafanya sudo apt update, kisha sudo apt install python3 ubuntu-desktop-minimal. Nilichagua hiyo minimal kwa sababu ya bando, nilikuwa na GB 1 tu, na apt inakuambia kabisa kabla hujakubali itakula MB ngapi. Bando likatosha, nikawasha upya, madirisha yale yakarudi, vilivyobaki nikaviokota kimoja kimoja kutoka kwenye ile log.

Python mpya niliiweka baadaye kupitia PPA ya deadsnakes (hazina ya programu ya nje ya ile ya Ubuntu), python3.12 inakaa pembeni ya 3.10 bila kugombana, kila somo nalitengenezea venv yake (chumba chake cha Python cha pekee) na ile ya mfumo siigusi tena kabisaaa.

Siku hizi kabla ya kufuta chochote naanza na apt -s remove na jina la pakeji. Hiyo -s ni ya kujaribia tu, haifuti kitu, inakuonyesha kitakachotokea. Naangalia ule mstari wa idadi, nikitaka kutoa kimoja halafu naona vinaondoka arobaini basi nasimama hapo hapo. Autoremove, ile inayofuta pakeji zisizohitajika tena, nayo naisomea orodha yake vivyo hivyo.

Na kuna hili la remove na purge, lilinisumbua kwenye apache2, programu ya kuhudumia tovuti. Niliitoa kwa remove nikaiweka upya, kosa likarudi lile lile, kwa sababu remove inaacha mipangilio yako kwenye /etc/apache2. Ukipiga dpkg -l | grep ^rc utaziona zote zilizotolewa nusu nusu namna hiyo. Purge, inayofuta mpaka mipangilio, ndo iliyosafisha. Ila kama ni database usikimbilie purge, nakili data zako kwanza uziweke kwenye flashi, maana inaweza kuondoka nazo.