Mchana niliochagua gitaa la kupigia nje

Gitaa la kaka yangu halikuwa la kutolewa nje. Lilikuwa la mbao nzima mwili mzima, si ya tabaka zilizobandikwa, uso wa sprusi (mbao nyepesi ya jamii ya msonobari) na mgongo wa mahogani, na ndani ya nyumba lilitoa sauti ambayo sijaikuta tena kwenye gitaa jingine. Lakini sisi tulikuwa tunapigia nje, jioni, kando ya maji, msimu ule ambao nguo ukizianika hazikauki. Taratibu uso ukaanza kutuna nyuma ya daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi usoni, nyuzi zikapanda, na kubana kordi kukawa kazi ya kuumiza vidole. Kaka akalirudisha kwenye boksi lake. "Mdogo wangu, hili tutaliua. Tafuta la nje."

Pesa yangu ilikuwa ndogo. Rafiki yangu mmoja, fundi wa magitaa, akakubali kunisindikiza dukani.

La kwanza nililoshika lilikuwa na sauti nene, tamu, na bei niliyoiweza. Fundi hakusema lolote kuhusu sauti. Alinionyesha ukingo wa tundu la katikati: mistari ya mbao ilianzia juu ikashuka moja kwa moja hadi chini, hakuna tabaka. Maana yake uso ni mbao nzima. Akanieleza kwamba mbao ikinywa unyevu huvimba kwa upana wa mistari yake, kwa urefu karibu haisogei. Uso wa gitaa una unene wa milimita tatu hivi na umegandishwa kingo zote, kwa hiyo ukivimba hauna pa kwenda ila juu. Ukipanda unabeba daraja, na daraja linabeba nyuzi. Watengenezaji wengi hutaka magitaa ya namna hiyo yakae kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Kule kwetu kando ya maji, usiku, hewa ilipita kiwango hicho kwa mbali. Nikalirudisha ukutani, na liliniuma.

Muuzaji akatuletea gitaa la Ovation lililotumika, yenye ule mgongo wa duara uliobuniwa miaka ya 1960 katika kampuni ya Charles Kaman, mhandisi wa helikopta. "Hili si mbao, halijui maji," alisema. Fundi akalipindua, akaupapasa mgongo, kisha akagonga uso kwa kidole: sprusi. Mgongo ungesalimika, uso ungetuna kama wa kaka. Lilikuwepo pia gitaa la RainSong, la nyuzinyuzi za kaboni tupu bila mbao, na hilo kweli halijali hewa. Bei yake sikuthubutu hata kuijadili.

Yakabaki ya tabaka. Plaiwudi ya gitaa hubandikwa tabaka moja likikatiza jingine, hivyo kila tabaka humzuia mwenzake asivimbe. Tulipata mawili. Chini ya daraja la mojawapo fundi alipitisha kipande cha karatasi, kikaingia bila kukwama. Gundi ilikuwa imeanza kuachia. Tukaliacha. La pili lilikuwa zima, na shingo yake, ukiitazama kutokea kichwani, ilikuwa imenyooka vizuri.

Na kando yake kulikuwa na Martin dogo, LXM. Mwili wake si mbao za kawaida hata kidogo: ni karatasi nyingi zilizoloweshwa kwenye gundi ngumu zikakandamizwa kwa joto, zikachapwa picha ya mbao juu. Nilipolipiga mle ndani, besi ilikuwa nyembamba. Nilikuwa karibu kukata tamaa.

Ndipo nikamwomba fundi alipige mlangoni, mimi nikasogea mbali, upande wa pili wa uwanja. Akapiga wimbo uleule kwa lile la mbao nzima, kisha plaiwudi, kisha LXM. Hapo ndipo uamuzi ulipofanyika. Ule unene ulionivutia mwanzoni ulikuwa umetoka kwa kuta za duka kiasi kikubwa. Nje, bila ukuta wa kurudisha besi, ulipungua sana. LXM lilibaki na sauti za juu zilizo wazi, na zilinifikia kila moja. Bado la mbao nzima lilikuwa bora, nasema hivyo bila kusita, lakini tofauti haikuwa tena ya kuhatarishia gitaa.

Kati ya mawili yaliyobaki nikachukua LXM. Plaiwudi ina joto zaidi kwenye sauti na ikibonyea fundi huitengeneza; ile ya karatasi ikipasuka, ukarabati wake ni shida. Hilo alinitahadharisha mapema. Ila plaiwudi bado ni mbao, hunywa maji polepole, na mimi sikutaka hata hiyo polepole.

Fundi aliliwekea nyuzi zilizopakwa utando wa plastiki, kwa sababu jasho na hewa yenye chumvi hula nyuzi za kawaida haraka. Akaniagiza nisiliache kwenye gari juani kwa kuwa joto hulegeza gundi, hata kama mwili haudhuriki na unyevu. Kaka alipolijaribu jioni ile alisema halina kifua, kisha akaendelea kulipiga hadi giza likaingia.

Limepita misimu ya mvua na uso wake uko sawa, ukiweka rula nyuma ya daraja inalala. Kinachoshika kutu ni skrubu za vifunguo vya kukazia nyuzi, nazo huwa nazifuta na kuzipaka mafuta kidogo kila ninapobadilisha nyuzi.