Gavana "Tumbo Kubwa"

Jumamosi nilipita Essington, Pennsylvania, jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Philadelphia. Kando ya mto Delaware kuna bustani yenye misingi ya mawe ya nyumba ya Johan Printz, gavana wa Uswidi Mpya kuanzia 1643 hadi 1653. Ndiyo, hata Waswidi waliwahi kuwa na koloni Marekani!

Bwana huyu alikuwa askari aliyeachishwa kazi kwa kuusalimisha mji wa Chemnitz, Ujerumani. Baadaye wakamwonea huruma, wakamtuma ng'ambo. Kwa unene wake, Walenape, wenyeji asilia wa eneo hilo, walimbandika jina la Tumbo Kubwa. Ngome yake ya Elfsborg ilikuwa na mbu wengi mno hadi askari wakaiita Ngome ya Mbu. Miaka ikapita bila meli ya mahitaji kutoka kwao. Walowezi 22 walipomwandikia malalamiko mwaka 1653, alisema ni uasi, akaamuru mmoja wao auawe. Mwaka huohuo akafungasha akaondoka.

Lakini mimi aliyenishika ni Antoni, Mwafrika aliyefikishwa huko 1639. Kumbukumbu za 1644 zinamtaja akimkatia gavana nyasi za ng'ombe na kusafiri naye kwenye mashua yake. Ningetamani tusimuliwe zaidi habari za huyo.