Miaka miwili Tanga bila Ligi Kuu

Msimu wa 2015/16 ulipoisha timu tatu zilishuka daraja, na zote tatu zilikuwa za Tanga. Coastal Union, African Sports, Mgambo JKT. Yaani mkoa mzima tukatoka Ligi Kuu kwa mkupuo, na Sports ndo kwanza walikuwa wamepanda msimu ule ule. Coastal hawa ni mabingwa wa nchi wa 1988 jamani, iliniuma sana na bado inaniuma.

Watu wengi wakaacha kwenda uwanjani Mkwakwani. Mi niliendelea, na hapo ndo nikaijua Ligi Daraja la Kwanza, ile iliyo chini ya Ligi Kuu, maana kabla ya hapo nilikuwa naisikia tu redioni. Uwanja ukiwa na watu wachache unasikia kila kitu, kipa anapiga kelele "mtu nyuma! mtu nyuma!" mpaka sauti inakauka, beki anamgombeza winga wake, unasikia hadi mpira unavyogonga ugoko. Kuna mzee tulikuwa tunakaa naye upande wa kivuli, redio yake ndogo kaifunga na mpira wa baiskeli maana mfuniko wa betri ulishapotea, anasikiliza mechi ya Ligi Kuu huku macho yake yapo kwa Coastal, na chungwa la Muheza anamenya taratibu ganda lisikatike. Hakukosa mechi hata moja ya nyumbani.

Ila utaratibu wa wakati ule ulikuwa unaumiza. Timu 24, makundi matatu, nane nane, kwa hiyo msimu mzima unacheza mechi 14 tu basi, na kila kundi anapanda mmoja. Ukiteleza mechi mbili tatu za mwanzo ushaaga. Na kijana wa miaka 20 mechi 14 kwa mwaka zitamkuza vipi, miezi mingine yote yuko kwenye ndondo, mashindano ya mtaani, anatafuta hela ya kula, akivunjika huko ndo imetoka hiyo. Vipaji vingapi vimeishia hivyo!

Coastal walirudi 2018, mwaka ambao Ligi Kuu iliongezwa kutoka timu 16 hadi 20 kwa hiyo kila kundi likapandisha mbili, na 2024 wakacheza Kombe la Shirikisho Afrika. Siku hizi daraja lenyewe linaitwa Championship, tangu 2021, msimamo mmoja, timu 16, mechi 30, wawili wa juu wanapanda moja kwa moja, wa tatu na wa nne wanaingia mtoano. Hapo naisifu TFF, shirikisho letu la soka, kwa moyo wote, sasa mchezaji anacheza mpira wa kweli mwaka mzima na timu ina nafasi ya kujirekebisha. Mtibwa Sugar walishuka 2024, mwaka uliofuata wakarudi.

Kinachonisumbua ni Sports. Wana Kimanumanu hawajarudi juu tangu 2016, na watu wa mjini hapa wanaongea kama vile timu ilishazikwa. Haijazikwa. Pamba ya Mwanza ilishuka 2001 ikarudi 2024, miaka 23, na kuna watu walikuwa wanaenda uwanjani miaka yote hiyo 23. Kiingilio cha Sports hakimshindi mtu, na sehemu za kivuli bado zipo nyingi.