Nililea nyasi wiki tano nikidhani ni vitunguu majani

Anayeona beseni langu la vitunguu majani leo, lilivyojaa hadi ukingoni, husema nina mkono wa baraka. Angenikuta miaka mitatu iliyopita angenionea huruma. Nazungumzia vile vyembamba, vyenye majani ya mviringo yaliyo wazi ndani kama mrija na maua ya zambarau. Vile vya majani bapa na maua meupe ni vingine.

Pakiti ya kwanza ya mbegu nilipewa bure, na bure ile ilinigharimu. Ilikuwa imelala kabatini sijui tangu lini, na mbegu za jamii ya vitunguu hazivumilii kukaa. Baada ya mwaka mmoja au miwili nguvu zimekwisha. Haikuota hata moja. Mimi nikaulaumu udongo, nikaubeba wote nikaumwaga, nikaweka mwingine. Mgongo uliniuma siku tatu.

Pakiti ya pili nilinunua mwenyewe, hela kidogo tu. Wiki mbili zikapita, kijani kikachomoza. Mle besenini mlikuwa na vitu viwili: majani yaliyosimama wima, ya kupendeza kabisa, na vijiuzi vya ajabu vilivyojikunja katikati kama pini ya nywele, ncha bado imezama udongoni. Nikasema haya mazima ndiyo mazao, na hivi vilemavu ni magugu. Nikachukua kibanio cha nyusi nikaving'oa kimoja kimoja, kwa utulivu wa mtunga shanga. Sikusaza hata kimoja.

Yale majani wima yaliyobaki niliyalea jamani! Maji asubuhi, mboji kidogo, jua la kutosha. Yakakua haraka mno, nikapiga picha nikawatumia ndugu zangu. Wiki ya tano akaja shangazi. Akachuma jani, akalisugua vidoleni, akanusa, kisha akanisogezea puani bila kusema neno. Harufu ya kitunguu hakuna.

"Mwanangu," akasema, "ng'ombe wenyewe unanunua lini?"

Kumbe mche wa kitunguu hutanguliza kiwiko, kichwa kinafuata baadaye. Vile vilemavu ndivyo vilikuwa vyenyewe. Tangu siku hiyo sing'oi kitu kabla sijakisugua na kukinusa.

Awamu ya tatu vikaota vizuri, na hapo ndipo washauri walipojitokeza. Mmoja aliniambia nimwagilie kila siku bila kukosa. Vishina vikaanza kulainika na kunuka. Siku hizi nachomeka kidole, nikikuta unyevu naondoka zangu. (Toboa beseni chini, lakini hilo sidhani kama kuna wa kuambiwa.) Mwingine akaniambia nikate ncha tu, "usiviumize." Nikatii miezi miwili. Kila nilipokata pakageuka kahawia, beseni zima likawa kama kichwa kilichonyolewa na kinyozi mlevi. Jani likishakatwa halitoi ncha nyingine. Jani jipya hutokea chini. Siku moja hasira zilinipanda nikashika mkasi nikafyeka kila kitu, nikabakiza kama vidole viwili juu ya udongo. Nikajua nimeua. Baada ya wiki chache yakarudi mazito kuliko mwanzo. Ule upole wangu ndio uliokuwa ukiyadhoofisha!

Vikonyo vya maua ni vigumu, usivichanganye na majani. Maua yenyewe yanalika, ila usiyaache yakomae, mbegu zitaanguka na kuota hadi kwenye nyufa za sakafu. Beseni langu liko juu ya ukuta kwa ajili ya paka, maana jamii yote ya vitunguu ni sumu kwa paka na mbwa.

Mwaka huu katikati ya kichaka palianza kukonda, mizizi imebanana. Nikakimwagilia jioni, kesho yake nikakichimbua chote nikakipasua kwa mikono, mafungu ya vishina kumi kumi hivi, nikapunguza majani na kupanda kila fungu kwa nafasi ya shibiri moja au zaidi. Yakashika yote.

Fungu moja nilimpelekea shangazi. Kabla hajanishukuru alichuma jani, akalisugua, akanusa.