Siku moja maishani mwangu: kutembeza wageni Jumba la Mtwana

Saa moja kasorobo asubuhi nashuka bodaboda langoni mwa Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa kale wa Waswahili, mwendo mfupi kutoka Mtwapa mjini, kaskazini ya Mombasa. Kabla wageni hawajafika nazunguka kuta. Mvua ya jana imeotesha mche wa mkuyu katikati ya mawe ya matumbawe. Naung'oa ungali laini, maana mizizi ikishanenepa, ukiuvuta unaondoka na ukuta.

Saa tatu basi la shule laingia. Watoto wanataka bahari. Namwomba mwalimu wao nusu saa tu. Nawapeleka kwenye msikiti ulio kando ya maji, tukachuchumaa penye mawe ya matumbawe ya kusugulia miguu, karibu na birika la udhu. Msichana mmoja avua kiatu, aweka kisigino juu ya jiwe, akalisugulia taratibu. "Kumbe walikuwa wasafi hivi!" Nawaonyesha na visima. Watu hawa walijenga hapa katika karne ya 14. Vasco da Gama alipofika Mombasa mwaka 1498, mji huu ulikuwa umekwisha kukaliwa na kuhamwa. Naumia sana mtoto wa pwani akidhani historia yake ilikuja na jahazi la mgeni.

Saa saba, familia zimetandika mikeka chini ya mibuyu, sufuria ya biriani imefunuliwa, watoto wamo majini. Nafurahi kuwaona: mahali pasipokuja watu hapana wa kupatetea. Ila kijana mmoja amepanda ukuta apigwe picha. "Kaka, shuka tafadhali, mawe haya yameshikwa na chokaa tu."

Alasiri mzee mmoja asimama kwenye kaburi lenye maandishi ya Kiarabu. Sina haja ya kumsomea. Aisoma mwenyewe, "kila nafsi itaonja mauti", kisha atia Fatiha.

Tangu 1982 hapa ni mahali pa kumbukumbu ya taifa, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, lakini wengi bado hupita wakielekea ufukweni. Ndiyo maana saa kumi na moja, dada aliyekuja kuogelea aniulizapo ile nyumba yenye milango mingi ilikuwa ya nini, uchovu wote wanitoka. Namwambia inadhaniwa ilikuwa nyumba ya kulala wageni. "Twende basi nikaione," asema, na taulo begani. Muda wa kufunga umekaribia, lakini twaenda, mlango kwa mlango.